Mimi Nzito

Maganda ya kahawa yakirundikwa nyuma ya mashine kwa siku chache hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote, na mimi nimepita mahali pengi. Ni harufu ya kitu kitamu kinachoelekea kuharibika, kama ndizi zilizosahauliwa ndani ya gunia, kama togwa iliyochachuka, na chini yake kuna harufu ya udongo mwekundu uliolowa. Nimepika kwenye kambi za watengeneza barabara kule Arash, nimeuza sukari na majani ya chai kwa wafugaji wa Kakesio, nimelima vitunguu vya watu Mang'ola, na Arusha nimehamia na kuihama mara nisizoweza kukumbuka. Kote huko, upepo ukinipitia na chochote kinachofanana na harufu ile, naiona tena kambi yetu ya Oldeani: ukungu umeteremka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka mlango wa jirani hauonekani, na kina mama wanatoka na magunia wamejifunika kichwani, wanakohoa, wanaitana majina ili wajuane nani yuko mbele na nani amebaki nyuma.

Tulikuwa watu wa kuja. Baba na mama walitoka Singida kufuata kibarua cha kahawa, mimi nikiwa mgongoni. Upande mmoja wa nyumba yetu walikaa Wagogo waliotoka Dodoma, upande mwingine Wairaqw waliotelemka kutoka Mbulu, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwitikia. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya kugombania usiku, lakini mchana, kazini, wote tulizungumza Kiswahili, na Kiswahili chetu kilizaliwa pale pale kazini. Wengi walijua jina la kila sehemu ya mashine ya kumenyea kabla hawajajua kuomba radhi. Mtu akitaka kusema amechoka, anasema amemenywa. Akitaka kusema mtoto wa fulani amepevuka, anasema amekuwa mwekundu. Sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani nchi nzima inazungumza hivyo.

Maneno mawili yalikuwa makubwa kuliko yote. Kahawa ikiletwa kutoka shambani ilimwagwa kwanza kwenye tenki la maji, tenki la saruji lenye kingo zilizoota ukungu wa kijani, na hapo maji ndiyo yaliyoamua. Iliyojaa ilishuka chini moja kwa moja, bila kelele. Iliyo tupu, au iliyotobolewa na mdudu, au iliyokaukia mtini, ilibaki inaelea, inazungukazunguka juu na kung'aa kwa wekundu kama zile nzima. Kwa macho usingezitofautisha. Kina mama walisimama kando ya tenki na nyungo, wakikomba ile ya juu na kuimwaga kando. Ya chini iliitwa nzito, ya juu iliitwa nyepesi. Mama yangu alikuwa akisema "nzito hii, nzito!" kwa sauti ya mtu anayekuonyesha mtoto wake aliyenenepa, na akisema "nyepesi" alikunja pua. Siku nzima maneno hayo yaliruka juu ya maji. Hata watu walipimwa kwayo. Mwanamume mwenye ahadi nyingi na mifuko mitupu, kina mama walimtazama akipita, kisha mmoja anasema tu, "Huyo tia majini uone," na wote wanaangua kicheko mpaka nyapara anageuka kuuliza kuna nini.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza, tabia ambayo haijaniacha. Nilitaka kujua ndani ya hizo zinazoelea mna nini hasa. Basi nikawa nachota konzi, najificha nyuma ya rundo la maganda, nazipasua kwa kucha moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa tupu kweli, mna maji na ngozi tu. Lakini nyingi zilikuwa na punje mbili kama kahawa yoyote, ila punje moja ilikuwa nzima, imejaa, na mwenzake amenyauka kama ukucha. Nilimpelekea mama nikidhani nimegundua kitu. "Mama, hii nusu yake ni nzuri." Alitazama kiganja changu, kisha akatazama alipo nyapara. "Mwajuma, utaniponza. Tupa." Nikauliza kwa nini maji hayaoni ile nusu nzuri. Akasema, "Maji hayana mikono ya kupasua. Wewe unayo, nenda kachukue ungo." Nilienda, lakini jambo lile sikulitupa. Niliweka moyoni kwamba hata kipimo kizuri hukosea, na kwamba njia ya kujua ni kupasua.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya shamba, madarasa ya miti na udongo, na mlima Oldeani nyuma yake umevaa mawingu. Mwalimu wa darasa letu la nne aliitwa Mwalimu Kasiani. Mwaka ule alikwenda semina ya chama huko mjini akarudi na jambo jipya: kila Ijumaa, baada ya kufagia, darasa zima tukae kwa kikao cha kujikosoa. Kila mwanafunzi akifika zamu yake asimame, ataje kosa lake, na wenzake waitikie pamoja, "Tumesikia, ajirekebishe!" Asiyejikosoa, alisema mwalimu, ni sawa na mtu asiyeoga. Maneno mazuri. Mpaka leo nikiyasikia nayaona mazuri. Nani asiyetaka watu wajitazame kwa ukweli na kuambizana? Taabu ni kwamba mwalimu alitaka makosa tu, na alitaka kila mtu awe na lake. Mtoto mmoja aliyesimama akasema wiki hii hakukosa kitu, aliambiwa apige magoti mpaka alikumbuke. Alilikumbuka upesi sana.

Baada ya hapo tulijifunza. Ijumaa mchana tulikutana nyuma ya choo cha shule kugawana makosa, kama watu wanavyogawana nyama.

"Leo uvivu ni wa nani?"

"Uvivu nimeshauchukua mimi, tangu asubuhi."

"We Rojasi, wiki iliyopita ulikuwa nao! Toa, mwenzio hana kitu."

"Chukua kuchelewa."

"Kuchelewa wanakuchapa. Nipe kucha chafu."

Kucha chafu ndilo lililokuwa kosa tamu kuliko yote, kwa sababu adhabu yake ni kukatwa kucha tu, na sabuni miaka ile ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo hata mwalimu alikuwa na huruma. Watu walibadilishana kucha chafu kwa mahindi ya kuchoma. Makosa yenyewe, yale ya kweli, hayakutajwa hata siku moja. Mtu aliyekuwa anaiba mayai ya kuku wa mwalimu alisimama kila Ijumaa akaungama kwamba hapigi mswaki vizuri, nasi tukaitikia kwa sauti moja kwamba tumesikia, ajirekebishe. Mwalimu Kasiani aliridhika. Alitutazama kama mtu anayeona shamba lake limepaliliwa.

Paskalina alikuja katikati ya msimu ule. Baba yake alikuwa Mwiraqw kutoka Mbulu juu, mrefu, mwenye blanketi begani, aliyepewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kule walikotoka Paskalina alikuwa amechunga ng'ombe wa mjomba wake miaka mingi, akaanza shule akiwa mkubwa, na mwalimu wao aliwafundisha zaidi kwa Kiiraqw, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kitu cha kukariri kama sala. Aliwekwa darasa letu kwa sababu ya urefu wake, nadhani. Alikaa nyuma, magoti yamegusa dawati, hasemi kitu. Kiswahili alianza kukipata jioni, kwenye tenki, akisimama na ungo kati ya mama yangu na kina mama wa Kigogo. Walimpenda. Alikuwa na mikono ya haraka na hakujua kusengenya. Walimwonyesha kitu, wakakitaja, naye akarudia taratibu, akilivuta neno kooni kama Wairaqw wanavyofanya: maji, ungo, ganda, nyepesi, nzito. Siku moja mama alimpiga bega akamwambia, "Wewe binti, wewe nzito kabisa," na wote wakacheka, na Paskalina naye akacheka, kwa mara ya kwanza nikaona ana meno mazuri.

Wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la nne, Mwalimu Kasiani alitangaza kwamba hatakubali wazito waliangushe darasa. Wale wazito wa kuelewa watarudishwa darasa la pili, waanze upya, na atawajua kwa vikao vya Ijumaa na kwa daftari zao. Wengi wetu tulitazamana. Paskalina hakutazama mtu. Jioni ile nikamweleza kando ya tenki kwamba kuna watakaorudishwa nyuma, ila sikuweza kumweleza vizuri ni kina nani, kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa limenikwama mimi pia. Kwenye tenki lilikuwa sifa. Yeye alielewa la kurudishwa tu, na uso wake ukabadilika. Akaniambia kwa Kiswahili chake kifupi kwamba akirudishwa, baba amesema shule imekwisha. Atarudi Mbulu kwa mjomba. "Na huko iko mtu," akasema. "Mtu gani?" Akaonyesha kwa mkono wake ndevu ndefu, kisha akaonyesha ng'ombe, wengi. Hakulia. Aliendelea kukomba kahawa, akaikomba mpaka maji yakabaki meupe bila hata moja inayoelea.

Ijumaa iliyofuata hakuja nyuma ya choo kugawana makosa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna kugawana. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele, upande wa dirisha, na jua la mchana lilikuwa linaingia na vumbi lote la kufagia. Uvivu ukapita, kucha chafu zikapita, mswaki ukapita. Zamu ikamfikia Paskalina. Mwalimu akasema polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi, "Paskalina. Jieleze. Wewe ni mwanafunzi wa namna gani?" Kwa sisi wengine ilikuwa inaeleweka kwamba swali hilo maana yake ni taja kosa. Yeye alilichukua kama lilivyo. Alisimama, akanyoosha gauni lake, akafikiri. Kisha akasema kwa sauti ambayo tulikuwa hatujawahi kuisikia, sauti kubwa na tulivu:

"Mimi nzito."

Darasa lilipasuka. Wengine walipiga madawati. Mwalimu mwenyewe alitabasamu, akanyoosha kidole. "Mzito, Paskalina. Mtu ni mzito. Nzito ni ndoo."

"Nzito," akarudia Paskalina, akidhani anaulizwa kama ana hakika.

"Tumesikia, ajirekebishe!" darasa likaitikia kwa furaha, na mwalimu akageuka mezani kuchukua kalamu yake nyekundu, amwandike kati ya wa kurudishwa. Alisema amefurahi kwamba safari hii hata hatakiwi kutafuta, mtu amejitaja mwenyewe, na huo ndio ukweli anaoutaka. Nilitazama nyuma. Zaidi ya nusu ya darasa lile walikuwa watoto wa kambini. Mama zao walisimama kwenye tenki moja na mama yangu. Kila mmoja wao alijua nzito ni nini, na niliona kwa baadhi yao kwamba kicheko kimewakatikia mdomoni. Rojasi alikuwa anatazama kucha zake. Paskalina alikuwa bado amesimama, anatabasamu kidogo, anangoja, kama mtu aliyejibu vizuri.

Nikasimama bila kuitwa. "Mwalimu, hakusema hivyo."

"Mwajuma, zamu yako bado."

"Amesema nzito, mwalimu, hakusema mzito. Nzito ya kahawa. Kwenye tenki nzito ndiyo nzuri. Nyepesi ndiyo inayotupwa."

Mwalimu Kasiani alitoka mezani akaja katikati. Alikuwa mtu wa Morogoro, hakuwahi kusimama kwenye tenki. Aliniangalia mimi, akamwangalia Paskalina, na niliona neno linamwingia. Nilidhani nimemwokoa rafiki yangu. Kumbe nimemtoa shimo moja nikamtia jingine, kwa maana mwalimu alisema taratibu, "Ahaa. Kwa hiyo hajikosoi. Anajisifu."

Kujisifu, katika darasa lile, kulikuwa kubaya kuliko kuiba. Mtoto mzito angerudishwa nyuma. Mtoto anayejisifu alipelekwa kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akamwendea Paskalina, akainama kidogo ili wawe sawa, ingawa hakuhitaji kuinama sana. "Unasema wewe ni hodari?" Paskalina hakulijua neno hilo. Alinitazama. Kisha akatafuta kwa mikono yake, akafanya kama anaumwaga ungo, akasema, "Mimi siko tupu, mwalimu. Ukitia mimi majini, mimi nashuka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nimesikia watu wengi wakijieleza tangu siku ile, wenye tai na wenye mikuki, na sijasikia mtu aliyejipima vizuri zaidi ya hivyo kwa maneno machache hivyo.

Mwalimu akasema, "Vyema. Tutakutia majini." Akaandika hesabu ubaoni, namba tupu, bila maneno, za kujumlisha, za kutoa na za kugawanya, akampa chaki. Paskalina alikwenda mbele. Aliandika polepole, mgongo umetugeukia, akifuta kwa kiganja na kuandika tena. Alipomaliza hakurudi kukaa. Alianza juu, akaweka kidole chenye vumbi la chaki kwenye jibu la kwanza, akasema, "Hii, ndiyo." La pili, "Hii, ndiyo." Akateremka hivyo mpaka moja ya kugawanya karibu na mwisho, akasimama hapo, akaitazama kwa muda. "Hii sijui," akasema. "Naona imekwisha vibaya." Ile ya mwisho akasema ndiyo.

Mwalimu Kasiani alipitia ubao mzima na ile kalamu yake nyekundu ikiwa bado mkononi, haina pa kuandika. Ile aliyosema haijui ilikuwa kweli imekosewa. Ile ya mwisho, aliyosema ndiyo, nayo ilikuwa imekosewa. Nyingine zote zilikuwa sawa. Sitaki kuikuza hadithi kwa kusema alipata zote. Alishuka majini, akashuka na kasoro zake. Mwalimu alisema, "Kaa," kwa sauti ndogo, na jina la Paskalina halikuandikwa mahali popote siku ile wala siku nyingine. Alibaki darasa la nne. Hilo mwalimu alilifanya, na nitalisema, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolifanya.

Kisha akanigeukia mimi. Mtu aliyebanwa hutafuta pa kutokea, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Sasa zamu yako, Mwajuma. Tusikie." Nilikuwa na kosa langu tayari mfukoni. Nilikuwa nimelibadilisha kwa kipande cha muhogo: kusahau kalamu nyumbani. Nilifungua mdomo niliseme, na halikutoka. Baada ya kumsikia Paskalina, kile kidude changu cha kukodi kilinitia kinyaa. Nikasema, "Mwalimu, mimi nina akili na nina mdomo. Wiki hii sikukosa." Akasema nitaje kosa. Nikasema sinalo. Akasema basi nimejivuna, nitaje hilo. Nikasema hapana, sikujivuna, ameniuliza nimemjibu. Nilipiga magoti nje juani mpaka kengele ya kwenda nyumbani, changarawe zikaniingia gotini, na kila alipopita aliniuliza, "Umelikumbuka?" na kila mara nilimwambia hakuna.

Ijumaa zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo. Darasa zima lilipita, likaitikiana, likafika kwangu, nikasema neno lile lile, nikatoka nje mwenyewe kabla sijaambiwa. Mwishowe mwalimu akasema nisirudi mpaka niwe tayari kusimama mbele ya shule nzima niseme nilijivuna. Siku moja tu, maneno mawili, kisha mambo yaishe. Mama alinibembeleza. Alikaa nami mlangoni, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa kahawa, usiotoka hata kwa jivu. "Sema tu, mwanangu. Kusema kunakupunguzia nini? Mbona wenzako wanasema?" Nikamwambia, "Mama, wewe unaweza kuiita nzito nyepesi ili nyapara afurahi?" Alisugua viganja vyake vyeusi. Kisha akasema, "Nikiwa na njaa, naweza." Nalo lilikuwa jibu la kweli, nililiheshimu hata siku ile, lakini mimi sikuwa na njaa ya namna hiyo. Msimu ulipokwisha baba alisikia kuna kazi mashamba ya ngano upande wa Karatu, tukafunga mizigo, na huko hakuna aliyeniuliza kuhusu shule, nami sikumkumbusha mtu.

Watu wanaosikia habari hii husubiri niseme najuta. Wengine hata husogea mbele kidogo kwenye kiti. Najua nilichokosa. Kiingereza nimekiokota kwa watalii na kinachechemea. Hesabu kubwa zinanishinda. Kuna milango mingi niliyosimama nje yake kwa kukosa karatasi, na baridi ya nje naijua. Kusoma nilijiendeleza kwa magazeti yaliyofungiwa maandazi, habari nyingi nimezisoma nusu, nusu nyingine ikiwa imechanika. Haya yote ni hasara na siiti jina jingine. Lakini kujuta ni kusema ningerudi ningefanya vingine, na mimi ningerudi leo kwenye changarawe zile kwa magoti haya mabovu niliyonayo, na angeniuliza umelikumbuka, ningemjibu vile vile.

Na yeye Mwalimu Kasiani, nimempasua mara nyingi tangu hapo kwa kucha zangu, kama zile kahawa za juu. Kuna upande ulionyauka: alipenda kuona vichwa vimeinama. Na kuna upande ulioiva: ndiye aliyemfundisha mama yangu kuandika jina lake, jioni kwenye kisomo cha watu wazima, bila kumcheka hata siku moja, na mtoto akiugua kambini alimbeba mwenyewe kwa baiskeli yake hadi zahanati. Nimekutana na watu wanaotaka nimtaje kama shetani, na wengine, waliosoma kwake, wanaotaka nimtaje kama mtakatifu. Siwafurahishi hawa wala wale.

Paskalina yuko Mang'ola siku hizi, ana vitunguu vyake mwenyewe na wajukuu wenye makelele. Nilimfanyia kibarua msimu mmoja. Alinilipa vizuri na akaniambia ninafunga magunia ovyo, jambo ambalo ni kweli.

Mwaka jana nilikuwa Karatu nikitafuta kazi ya jikoni. Mji ule umegeuka, hoteli zimepanda mpaka kwenye mashamba ya mahindi, magari ya watalii yanapita kutwa kwenda kreta ya Ngorongoro na kurudi, na kila ukuta una picha ya simba. Hoteli moja ilikuwa inaita watu kwa usaili. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, vijana watupu na mimi, bibi yao. Walikuwa wamependeza, viatu vinang'aa. Nikawasikia wananong'onezana.

"Wakikuuliza udhaifu wako, sema unapenda kazi kupitiliza."

"Hiyo ameshaisema Deo, ametoka nayo sasa hivi. Bosi atashtuka."

"Basi sema wewe unataka kila kitu kiwe safi mno."

"Oya, hiyo ya kwangu bana! Tafuta yako."

Nilicheka mpaka nikalazimika kujifuta macho. Wakanitazama. Walikuwa nyuma ya choo cha shule yetu na hawajui. Sisi tulikodi makosa madogo ili tuonekane wanyenyekevu, wao wanakodi makosa matamu ili waonekane wa dhahabu. Walinisikitisha, na nilitaka kumkamata kila mmoja bega nimpasue nione ile punje yake nzima iko upande gani, kwa sababu iko, niliiona hata kwa jinsi walivyogombana.

Nikaitwa. Ndani mlikuwa na kijana wa heshima mwenye kompyuta. Aliniamkia kwanza, kisha akauliza udhaifu wangu. Nikamwambia nikikasirika nazidisha chumvi, na kwamba sijawahi kukaa kazi moja zaidi ya misimu michache, miguu yangu inawasha. Akaacha kuandika. Akauliza uwezo wangu. Nikamwambia supu ya mbuzi ninayopika mimi, hapa Karatu hakuna anayeipika, na kama haamini jikoni ni pale. Akageuka kutazama upande wa jikoni, akasema, "Mama, subiri nje kidogo."

Nilipotoka vijana walisogea kunipisha benchini. Mmoja aliyekuwa karibu, mwenye uso mzuri wenye woga, akaniuliza, "Bibi, umejielezaje humo ndani?"

"Nimemwambia mimi nzito."

Wakaangua kicheko, na mwenzake akanirekebisha kwa adabu, "Mzito, bibi. Mtu ni mzito."

"Nzito," nikamwambia, nikakaa.